Siku Tatu za Ukaguzi

4 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Salamu nyingi. Mama hajambo, ila magoti bado yanamsumbua, na siku hizi ananiita nimfungulie hata dirisha ambalo mkono wake unalifikia. Anasema hiyo ndiyo faida ya kuzaa.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu kila kitu unakigeuza kichekesho, na hili nataka ulijibu ukiwa umekaa chini.

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kukagua mizani ya wafanyabiashara, unajua walivyonihamishia kwenye hii Tume mpya ya maabara za jinai. Hata jirani aliniuliza tunafanya nini huko. Nikamweleza hivi: sheria sasa inasema majibu ya maabara hayapokelewi mahakamani mpaka maabara iwe na ithibati, yaani iwe imekaguliwa na kuonekana inafanya kazi sawasawa. Anayetoa ithibati ni chombo cha nje. Na hicho chombo nacho lazima kitambuliwe na sisi. Kwa hiyo maabara inakaguliwa na chombo, chombo kinakaguliwa na Tume, na Tume inakaguliwa na Mungu. Mkurugenzi wangu hakucheka nilipomwambia hivyo.

Sasa faili lililoko mezani kwangu ni la chombo kimojawapo, Baraza lile lile lililoipa maabara yenu ithibati Oktoba iliyopita. Kurasa mia tatu na kumi na mbili, zote za rangi. Kila kitu kimeandikwa vizuri mno. Mtu aliyeshika mizani miaka yote hiyo akiona kitu kimekaa sawa kupita kiasi, mkono unamwasha.

Nijibu haya tu. Walipokuja kwenu walikaa siku ngapi? Walifungua nini kwa mikono yao? Kuna aliyesimama nyuma yako akakutazama ukipima sampuli tangu mwanzo mpaka mwisho? Niandikie kama ilivyokuwa, usiongeze, usipunguze. Mapendekezo natakiwa kuyatoa mwisho wa mwezi, na maabara kumi na moja zinasubiri, yenu ikiwa mojawapo.

Msalimie wifi yangu.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimekaa chini kama ulivyoagiza, tena kwenye kiti chenye mgongo.

Mwambie Mama nitakuja kumfungulia madirisha yote kwa mpigo, halafu nitadai mapumziko ya mwezi.

Kuhusu Baraza, ondoa wasiwasi. Walikuja wawili, mwanamume wa tai ya michirizi na mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Walikaa siku tatu. Walitutoa jasho, Dada. Walifungua makabati, majokofu, madaftari, mpaka sabuni ya kunawia wakauliza inaisha muda lini. Mimi nilipima damu yule mama akiwa amenisimamia begani, nikahisi niko darasa la tano. Walipoondoka Mkuu wetu wa maabara alilala kwenye kiti mdomo wazi.

Kwa hiyo andika tu. Ni watu makini.

Nikwambie mawili ya furaha. La kwanza, nimefanywa msimamizi wa kitengo cha damu na vinasaba. La pili, na hili kaa chini wewe sasa: wifi yako ana mimba ya miezi minne. Baada ya miaka saba! Tulikuwa tunasubiri itulie ndipo tuseme. Utakuwa shangazi.

Ndiyo maana, kusema ukweli, sisi hapa tunaiombea sana hiyo karatasi yenu. Baraza lisipotambuliwa, maabara inafungwa mpaka kipatikane chombo kingine, na Mkuu anasema hilo ni jambo la mwaka mzima. Tupo kumi na tisa. Sikusukumi. Nakueleza tu hali.

Mdogo wako,
Sindano


2 Aprili

Shangazi anakusalimu!

Mama alipopata habari alisimama bila kushika kitu, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Ameshaanza kukataa majina ambayo hamjayataja.

Baraza limetambuliwa. Niliandika kwenye mapendekezo yangu kwamba nimezungumza na mtaalamu wa mojawapo ya maabara zilizokaguliwa, naye amethibitisha ukaguzi wa siku tatu uliofanywa kwa kina. Mkurugenzi aliniuliza, "Una uhakika na huyo mtu?" Nikamjibu kwamba nina uhakika naye kuliko nilivyo na saa yangu. Akatia saini papo hapo.

Nilipotoka ofisini nilijisikia mwepesi. Ile kazi ilikuwa imenikaa shingoni.

Mtunze wifi. Asibebe ndoo.

Dada


20 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya, na zile simu za dakika mbili si mazungumzo. Mtoto hajambo. Ana paji la uso la Mama na hasira za Mama. Akilia, nyumba nzima tunasimama mguu sawa.

Wiki iliyopita nilikuwa mahakamani kutoa ushahidi. Kuna mlinzi wa ghala aliuawa mwaka jana, mwezi wa tisa, na watu wawili walikamatwa, mmoja mchomeleaji vyuma, mwingine kibarua aliyekuwa akipanga jirani naye. Mashati yao wote wawili yalikuwa na madoa ya damu. Sisi tulipima. Kwa majibu yetu damu ya mlinzi ilikuwa kwenye shati la mchomeleaji. Kibarua aliachiwa siku nyingi. Mchomeleaji amefungwa maisha.

Wakili wake aliinuka kuuliza habari za maabara yetu, vitu vinatunzwaje, nani anashika nini. Jaji akamkatisha: "Maabara ina ithibati, na walioitoa wametambuliwa na Tume. Endelea na swali lingine." Wakili hakuwa na swali lingine. Akakaa.

Hukumu iliposomwa, mke wa mchomeleaji hakupiga kelele. Alianza kukunja kanga yake, akaikunja ikawa ndogo kama kitabu, akaiweka mapajani.

Nilitaka kukuuliza kitu cha kikazi. Hivi mtu aliyesema jambo likaingia kwenye faili la kutambua chombo, halafu akataka kulisahihisha, kuna utaratibu? Ni rafiki yangu wa maabara nyingine anauliza.

Sindano


3 Desemba

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara mbili nikamwambia Mama kwamba kijana wetu anachoka. Mtoto mchanga na mahakama kwa wakati mmoja, si mchezo. Ukishatoa ushahidi, kazi yako imekwisha. Kazi ya kufunga na kufungua ni ya jaji. Usiibebe nyumbani.

Mwambie rafiki yako kwamba faili likishapitishwa linafungwa, na ili lifunguliwe lazima mtu aandike barua rasmi kwa Mkurugenzi, akitaja jina lake na alichokosea. Sijaona aliyewahi kuandika. Kama ni kosa la tarehe au herufi, aache, asijitafutie balaa.

Mama anajivunia wewe kupita kiasi. Kila anayekuja kumjulia hali anaambiwa ana mwana ambaye akisimama mahakamani, jaji anaandika. Lala, ule, umbebe mtoto.

Dada


11 Februari

Sindano,

Zaidi ya mwaka umepita tangu uliponiandikia kuhusu yule mchomeleaji, na leo ninajua kwa nini uliandika.

Mkewe ni fundi cherehani. Amekuja ofisini kwetu mara kumi na nne tangu Oktoba. Anaketi kwenye benchi la mapokezi na mfuko wake wa uzi, anashona vifungo vya watu huku anasubiri. Askari wa mlangoni walikuwa wakimwita Mama Kifungo. Mara zote alijibiwa kwamba Tume haishughulikii kesi za mtu mmoja mmoja. Jumatatu moja Januari nilikuwa napita, akanishika mkono wa gauni, taratibu kabisa, akasema, "Dada, mimi sina ugomvi na mtu. Nataka tu kujua, siku hao wakaguzi walipokwenda kule maabara, waliona nini?"

Nilikuwa nimepitisha faili zima bila kuona hata daftari moja la wakaguzi.

Nikaandika kuomba madaftari ya safari ya wakaguzi wa Baraza, si ripoti, madaftari yenyewe, pamoja na nakala ya kitabu cha wageni cha getini kwenu. Yamefika jana. Wakaguzi wawili waliingia saa nne na robo asubuhi. Walitoka saa saba na dakika arobaini mchana, siku hiyo hiyo. Hawakurudi.

Jumla ya saa tatu na dakika ishirini na tano, chakula cha mchana kikiwemo.

Siku tatu uliziokota wapi?

Nisingependa kusikia habari za tai ya michirizi. Nijibu.

Dada


25 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi. Hii ndiyo nitakayoituma.

Walikuja siku moja. Waliketi kwenye chumba cha mikutano na Mkuu. Waliletewa madaftari, wakayapitisha kidole. Waliuliza wafanyakazi tupo wangapi. Walikula. Yule mama aliomba kuonyeshwa chumba cha damu, Mkuu akasema kinasafishwa, naye akasema basi. Ndivyo ilivyokuwa. Tai ya michirizi ilikuwa ya kweli. Yaliyobaki niliyatunga.

Chumba hakikuwa kinasafishwa. Mimi nilikuwemo. Umeme ulikatika asubuhi ile, jenereta likakataa, na barafu ya jokofu la sampuli ikaanza kuyeyuka. Niliondoa vichupa haraka kuvipeleka kwenye jokofu la ghorofa ya chini lililokuwa bado na baridi. Trei ilijaa maji. Nilipofika chini vichupa saba vilikuwa havina lebo. Lebo zilikuwa zinaelea.

Vitano nilivitambua kwa kiasi kilichomo na kwa rangi. Viwili vilifanana. Vilikuwa vya yale mashati mawili. Nilijaribu kukumbuka mkono wangu wa kulia ulishika kipi. Nikabandika lebo. Nilijiambia nina hakika ya kutosha. Nilimweleza Mkuu, akasema, "Wageni wako juu. Tutaliongelea wakishapata wanachotaka." Hatukuliongelea.

Kuna lingine, na hili linanikosesha raha kuliko lebo. Kipimo kilipotoka, kichupa chenye jina la mchomeleaji kilikuwa na damu ya mlinzi. Kile chenye jina la kibarua hakikuwa na damu ya mlinzi. Polisi waliuliza hilo tu, nasi tukajibu hilo tu. Mchomeleaji alikuwa ameshasema tangu siku aliyokamatwa kwamba damu ya shati lake ni yake mwenyewe, bati lilimkata kiganja. Ilikuwa kazi ya nusu siku kulinganisha kile kichupa cha pili, cha kibarua, na damu yake yeye, nijue kama lebo zimepishana. Sikulinganisha. Hakuna aliyeniagiza, nami niliogopa nitakachokuta.

Uliponiandikia Machi ile, alikuwa bado mahabusu, hajahukumiwa. Ningekujibu kama ulivyoniomba, kesi isingefika ilipofika. Nimehesabu. Miezi minane ilikuwepo.

Utauliza kwa nini. Mtoto alikuwa tumboni. Wenzangu kumi na wanane walinitazama kama mtu mwenye dada serikalini. Na wewe, Dada, nisamehe, lakini barua yako ilikuwa inaomba ndiyo. Niliisoma nikasikia kwamba ukipata hapana utakuwa na kazi kubwa. Nikakupa ulichotaka.

Yule rafiki wa maabara nyingine nilikuwa mimi. Ukaniambia nilale.

Sindano


9 Machi

Mdogo wangu,

Siku tano sikuandika kwa hasira. Siku nyingine tano sikuandika kwa aibu, na hizo ndizo zilizokuwa ndefu.

Ni kweli. Barua yangu ilikuwa inaomba ndiyo. Sasa nisikilize na mimi.

Kwenye faili la Baraza kulikuwa na ripoti nne za maabara nne tofauti. Zote nne zilikuwa na sentensi moja: "Majokufu yamekaguliwa na yote yako katika hali nzuri." Neno majokofu lilikuwa limekosewa herufi ile ile mara zote nne. Niliona. Niliweka kalamu ya risasi pale nikazungushia duara. Halafu nikalifuta lile duara kwa kifutio, nikakuandikia wewe. Kama ningekuwa nataka kujua ningepanda gari nikaja kugonga geti lenu. Nilikuwa nataka mtu wa kuniambia hapana haja.

Na sikumwambia Mkurugenzi kwamba mtaalamu wangu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Miaka yote nilimnyang'anya muuza nyama mizani kwa kosa la gramu kumi. Hili langu lina uzito gani?

Ijumaa naingia kwa Mkurugenzi. Nabeba barua zako zote na nakala za zangu. Nimetafuta njia ya kukutoa humo nikakosa, na niliyoipata ingemwacha yule mtu ndani. Kabla ya Ijumaa nenda mwenyewe ukaandikishe maelezo kwa mwendesha mashtaka. Ukitangulia, itakuwa umesema. Ukichelewa, itakuwa umesemwa.

Yale mashati bado yapo kwenye stoo ya vielelezo. Nimethibitisha. Yanaweza kupimwa upya kwingine.

Mama hajui. Ananiuliza mbona sisomi barua yako kwa sauti kama kawaida. Nimemwambia mwandiko wako umeharibika.

Dada


14 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nilikwenda Jumatano, siku mbili kabla yako. Karani aliyeandika maelezo yangu alisimamisha kalamu mara moja tu, nilipofika kwenye lebo, akasema, "Unajua unachosema?" Nikamwambia ndiyo.

Mashati yamepimwa kwenye maabara ya mbali, isiyo na uhusiano na Baraza. Damu ya shati la mchomeleaji ni yake mwenyewe. Damu ya mlinzi iko kwenye shati la kibarua, na kibarua hajaonekana tangu alipoachiwa. Walinisomea majibu nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimeyajua, lakini kujua peke yako na kusomewa ni mambo mawili.

Nimesimamishwa. Mkuu naye. Maabara imefungwa, na wenzangu wanapita mbele ya nyumba yangu bila kugeuza shingo. Wifi yako hajaniacha. Ila anasema na mtoto kuliko anavyosema na mimi.

Sijui nikuombe msamaha wa lipi kwanza. Nimekuponza.

Sindano


18 Agosti

Sindano,

Ametoka Alhamisi. Miaka mitatu kasoro wiki tatu.

Nilikwenda. Sikualikwa, nikasimama ng'ambo ya barabara karibu na kibanda cha kuuza kadi za simu. Nilidhani atatoka na shangwe, lakini walikuwa watu wanne tu. Alikuwa na mfuko wa plastiki mkononi. Mkewe alimkagua kola ya shati, akaivuta ikae sawa, kama vile mtu anayemtuma mumewe kazini. Hapo, nilikuja kuambiwa baadaye, ndipo alipomwambia mumewe habari za mama yake. Mama mzazi alifariki Mei, na walikuwa wamekubaliana wasimwambie gerezani. Nilimwona anaketi kwenye ukingo wa barabara.

Mkewe aliniona. Akavuka. Alisema, "Wewe ndiye uliyeleta zile karatasi." Nikasema ndimi, na ndimi pia niliyepitisha faili la kwanza. Akasema, "Kwa hiyo nikushukuru au nikufanye nini?" Nikamwambia sijui. Akasema hata yeye hajui, akarudi kwa mumewe.

Baraza limefutiwa utambuzi. Maabara zote kumi na moja zimefungwa kwa muda, na kesi sitini na nne zinapitiwa upya. Mimi nimestaafishwa. Mkurugenzi alinipa mkono bila kuniangalia. Mrithi wangu ni kijana mkali, anakwenda mwenyewe kila maabara na anataka kuona jokofu likifunguliwa. Ni kazi ambayo ningeweza kuifanya.

Na Mama. Nilimwambia, Sindano. Nilimketisha nikamsomea barua zako zote na zangu, bila kuruka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu, mama wa yule mtu alikuwa na umri gani. Nikamwambia sabini na moja. Akasema, "Kumbe alikuwa mdogo wangu." Tangu siku hiyo wageni wakija hasemi lolote kuhusu mahakama.

Njoo umwone. Hajakukataza.

Dada


6 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Nimepewa tarehe ya kesi yangu, ushahidi wa uongo. Nitakiri. Wakili anasema nisubiri, nami nimemwambia nimesubiri vya kutosha.

Nitakuja kwa Mama Jumamosi. Lakini kulikuwa na mlango mwingine nilioona lazima niugonge kwanza. Nakuandikia leo hii hii, kabla sijaanza kulipamba.

Nilikwenda kwenye karakana ya yule mchomeleaji. Amerudia kazi, yupo chini ya mabati, anachomelea fremu ya mlango. Nilisimama nje mpaka cheche zikaisha. Akainua kinyago cha macho. Nilidhani itabidi nijitambulishe, akasema, "Nakujua. Uliniangalia mara moja tu siku ile. Ulikuwa unamwangalia jaji."

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Akanizuia kwa mkono. Akamwita mkewe kutoka ndani, akamvutia kiti, akasimama kando yake. "Sema sasa," akaniambia. "Sema chote."

Nilisema chote. Trei, maji, lebo, wageni walivyokuwa juu wanakula. Kichupa cha pili ambacho sikukilinganisha. Barua yako na uongo niliokuandikia. Ile miezi minane niliihesabu mbele yao, mmoja mmoja. Nikamaliza.

Mkewe alikuwa anatazama kiganja cha mumewe, pale palipo na kovu la bati.

Yeye akasema, "Nimesikia."

Nikangoja. Nadhani alinisoma usoni, maana akaongeza, polepole kama mtu anayemfundisha mgeni njia, "Sijasema nimesamehe. Nimesema nimesikia. Miaka mitatu nilikuwa nasema mimi, na hakuna aliyesikia."

Akashusha kinyago, akawasha moto. Nikageuza macho, nikaondoka.

Mdogo wako,
Sindano